Mfuko wa Kijani wa Sista Kokila

Siku mliyoniaga pale wodini London mlinipa keki, saa ya ukutani na maneno matamu, na mmoja wenu akaniuliza swali ambalo sikupata nafasi ya kulijibu kwa kuwa kila mtu alitaka picha na mimi: "Dada Vero, miaka yote hiyo umejifunza nini ambacho sisi hatukufundishwa chuoni?" Sasa nafasi ninayo. Niko Singida, katika nyumba niliyoijenga kwa jasho langu, na diploma yangu ya ukunga nimeitundika sebuleni mahali ambapo mgeni hawezi kukaa asiione. Majirani wananiita Mama London. Siwakatazi.

Nataka kuwaandikia kuhusu mfuko. Nanyi mnajua ninaousema, ule ambao mama hufunga wiki chache kabla ya kujifungua na kuuweka karibu na mlango. Pengine mlitarajia habari za mapacha waliokaa vibaya, au mtoto niliyempokea kwenye lifti. Hayo yalikuwepo na niliyafanya vizuri, waulizeni walioniona. Lakini jambo lililonifundisha kazi kuliko yote lilikuwa na zipu.

Nilifika London nikiwa na uzoefu wa miaka minane ya kuzalisha. Kwetu mama alikuja na beseni, kanga, pamba, glovu, wembe mpya na plastiki ya kutandika, na asipokuwa navyo tulihangaika naye. Huko London, kwa ajili ya taratibu za kusajiliwa, nilianza kama msaidizi wa wodi, kazi ya kutandika vitanda na kupeleka chai. Asubuhi ya kwanza akaingia mama mmoja na sanduku la magurudumu, mto wake mwenyewe, feni ndogo, spika ya muziki na bakuli la zabibu. Nikajisemea kwa Kiswahili, nikiamini hapana anayenisikia, "Huyu anakuja kuzaa au anahama?"

Nyuma yangu sauti ikajibu kwa Kiswahili safi kuliko changu: "Anahama. Kila mama anahama siku hiyo. Mpokee mzigo."

Nikageuka nikamwona mwanamke mfupi wa Kihindi, msuko wa mvi umefika kiunoni, saa ya kikunga imening'inia kifuani. Huyo ndiye Sista Kokila. Alizaliwa Tanga, akaondoka na wazazi wake akiwa na miaka kumi na tano, na Kiswahili chake kilibaki na umri huohuo: kilikuwa na utani na maneno ya uwanja wa shule. Alikuwa akiishi Stanmore, mtaa mtulivu wenye bustani, lakini ukimuudhi ulijibiwa na Tanga. Alipojua nina diploma, na nilihakikisha anajua kabla ya chakula cha mchana, akaniita Bibi Diploma. Jina likanikaa mpaka alipostaafu.

Kutoka kwake nilijifunza kusoma mfuko. Mama mwenye vitu vipya vyote, hata soksi zina karatasi, mara nyingi hana mtu wa kumwazima wala wa kumshauri. Mwenye chapati, biriani na chupa ya chai ya tangawizi ana ndugu wengi, andaa viti. Mwenye nguo tatu tatu za mtoto lakini hana taulo lake, kandambili zake wala pedi zake, huyo amejisahau, na atajisahau tena nyumbani; mwambie muuguzi anayetembelea wazazi majumbani amtazame. Sista Kokila hakumkabidhi mtu orodha akaondoka. Alipiga magoti sakafuni, mfuko katikati yao, akauliza swali moja kwanza: "Nani ataufungua?"

Wengi hawakuelewa. Lakini fikirini. Mama mwenye uchungu hafungui mfuko. Anayefungua ni mume, dada au rafiki, naye anaambiwa "lete kofia" huku hajui iko wapi. Kwa hiyo Sista Kokila alitaka atakayeufungua ndiye aupange. Nilidhani ni mbwembwe za uzee mpaka nilipomwona baba mmoja, mhasibu mwenye shahada mbili, akimvalisha mwanawe kichwani soksi ya mama yake. Ilimkaa vizuri, lakini hoja mmeipata.

Usajili ulipokamilika nikaanza kupewa akina mama wangu, hasa wazungumzaji wa Kiswahili. Nikaandaa orodha yangu ya mfuko kwa Kiswahili. Sitaki kujidogosha, ilikuwa orodha nzuri. Mfuko mdogo wa uchungu juu: daftari la kliniki, chaja yenye waya mrefu, mafuta ya midomo, kanga ya rangi nyeusi, kitu cha kutafuna. Mfuko mkubwa chini: pedi kubwa, chupi pana za bei rahisi, gauni la kufunguka mbele, pampasi ndogo kabisa, vesti, sweta, kofia, blanketi. Wodi nyingine walikuja kuiomba. Niliibandika ukutani, na nilipopita niliitazama.

Ndipo akaja Tausi.

Tausi alikuwa msichana wa Lindi aliyekuwa akihudumia wazee katika nyumba ya malezi huko Edmonton, upande mwingine wa London. Mumewe Juma alikuwa ghalani, akipakia mizigo. Ilikuwa mimba yao ya kwanza. Wiki ya thelathini na sita niliwatembelea, nikakuta hakuna hata soksi ya mtoto ndani ya nyumba.

"Mama amekataza," Tausi akasema, na hapohapo akampigia simu ili nisikie mwenyewe.

Mama yake akanisalimu kwa heshima, kisha akasema, "Mwanangu, kwetu nguo za mtoto hazimtangulii mtoto. Ni uchuro."

"Mama, heshima yako," nikamjibu, "lakini huku si Lindi. Huku mtoto akitoka bila nguo anatoka kwenye baridi. Mimi ni mkunga mwenye diploma, niamini."

Akanyamaza. Nikahesabu kimya kile kuwa ushindi. Wiki ileile nikaenda na Tausi dukani, kisha nikaupanga mfuko mimi mwenyewe, mweusi, kwa utaratibu ambao ungeweza kupigwa picha ya kitabu. Juu kabisa nikaweka zawadi yangu, kofia nyeupe niliyoifuma kwa mkono. Nikafunga zipu. Tausi akapiga makofi kama mtoto.

Wiki mbili baadaye moyo wa mtoto ulisimama. Madaktari walitafuta sababu, hawakuipata. Nilikuwepo. Nilimpokea yule mtoto wa kiume, nikamwosha, nikamfunga, nikampa mama yake. Alivaa nguo za hospitali kwa sababu Tausi alisema mfuko usifunguliwe. Juma akaubeba kurudi nao nyumbani, zipu kama nilivyoiacha.

Najua, na ninyi mnajua, mfuko hauui mtoto. Nilimwambia hivyo Sista Kokila nikiwa nalia katika chumba cha kubadilishia nguo.

"Nani amesema umeua?" akaniuliza. "Ulimshinda mama yake kwa hoja, basi. Sasa binti ana msiba, na juu ya msiba ana aibu ya kutomsikiliza mama yake. Huo mzigo wa pili ndio wako." Akanipa tishu. "Kwetu Wahindi pia nguo mpya hazinunuliwi kabla. Mtoto huanza na nguo kuukuu za mtoto aliye hai."

"Sista! Miaka yote hii hukuniambia?"

"Ungeniuliza. Lakini kila siku ulikuwa unanisomea orodha."

Niliibandua orodha ukutani jioni ile. Baadaye niliirudisha, kwa kuwa ilikuwa na manufaa, lakini mstari wa kwanza nikaubadilisha. Uliandikwa: Muulize kwao wanafanyaje.

Miaka miwili ikapita, jina la Tausi likatokea tena kwenye daftari letu. Nilidhani ataomba mkunga mwingine, na nilikuwa tayari kumpisha. Kumbe alikuwa ameandikisha kwa msisitizo: anamtaka Dada Vero. Nilipomuuliza sababu alinitazama kama mtu aliyeulizwa jambo la wazi. "Ni wewe na mimi na Juma tu tuliomshika mwanangu. Nitamweleza nani mwingine alivyokuwa?" Nimefanya kazi na maprofesa, vijana. Sijaona mtu mwenye moyo kama wa Tausi.

Lakini akanyoosha kidole. "Mfuko usinitajie."

"Sikutajii."

Mimba ile ilifuatwa kwa karibu. Vipimo kila mara, na tarehe ya kumwanzishia uchungu ikapangwa mapema. Aliambiwa, nami nikarudia kila tulipoonana, kwamba akiona mtoto amepunguza kucheza aje saa hiyohiyo. Wiki zikawa zinakwenda na nyumba yao ikabaki bila uzi mpya wa mtoto. Juma alikuwa akinipigia simu akiwa mapumzikoni ghalani: "Dada, nifanyeje? Nikinunua hata pampasi, Tausi hapati usingizi." Nikampelekea Sista Kokila shauri hilo, safari hii kwa kuuliza.

Kesho yake akaja na mfuko wa kijani wa turubai, zipu imeshonwa upya kwa uzi mwekundu. Ulikuwa wa mpwa wake. Mpwa alipojifungua salama akamwazima jirani, jirani akamwazima shemeji, na kila mmoja aliupitisha baada ya arobaini, ameosha kila kitu na kuongeza kimoja. Ndani hamkuwa na nguo hata moja ambayo haijawahi kurudi nyumbani na mtoto mzima.

Tulimwonyesha Tausi kliniki. Hakuugusa, alizunguka pembeni yake.

"Wote hawa wako hai?"

"Wote," Sista Kokila akasema. "Mmoja hunitukana kwa Kiingereza kila Jumapili nikimkatalia peremende."

Tausi akacheka kidogo. Akapitisha kidole kwenye uzi mwekundu. "Basi sitanunua, nitaazima. Lakini mfuko usiingie kwangu. Ukae kwako, Dada, mpaka siku yenyewe."

Nikaubeba hadi kwangu Wembley, nikauweka kando ya viatu vyangu mlangoni. Nilijisifu sana wiki ile. Nilikuwa nimetibu uchuro kwa uchuro. Jambo moja dogo lilinipita: kutoka Edmonton mpaka kwangu ni treni na basi na basi jingine.

Alhamisi moja saa nne asubuhi, siku yangu ya mapumziko, nilikuwa namenya viazi simu ikalia.

"Shikamoo Dada."

"Marahaba. Mbona sauti hiyo?"

"Hamna kitu. Huyu leo amelala tu."

Nikaweka kisu chini. "Tangu lini?"

"Tangu jana jioni hivi. Labda amechoka."

"Umepiga hospitali?"

"Nitakwenda. Juma anatoka kazini saa tisa, atapita kwako kuchukua mfuko, halafu tuje wote. Sasa nikaja mikono mitupu wakinilaza itakuwaje?"

Alikuwa ameamua kungoja kwa muda wa saa tano nzima, na alichokuwa akingoja kilikuwa mlangoni pangu, mahali ambapo mimi na akili zangu tulikiweka.

"Tausi, vaa viatu."

"Na mfuko?"

"Mfuko haujawahi kuzaa mtu. Vaa viatu."

"Nina kanga tu, Dada."

"Vaa koti juu ya kanga. Funguo ziko wapi?"

"Hizi hapa." Kisha sauti yake ikawa ndogo sana. "Dada, naogopa kwenda waniambie."

Sikumdanganya kwamba hakuna la kuogopa. Aliyewahi kuambiwa huwezi kumwambia hivyo. "Najua," nikasema. "Uogope ukiwa ndani ya teksi. Mimi nakuja, na Sista Kokila yuko zamu. Usikate simu."

Kwa simu ya nyumbani nikaita teksi mlangoni kwake, nikaijulisha wodi, nikamtafuta Juma kupitia meneja wake. Tausi nikaendelea kumsemesha mpaka niliposikia mlango wa gari ukifungwa na dereva akisema, "Hospitali, mama? Kaa vizuri." Ndipo nikabeba mfuko wa kijani nikatoka. Viazi nilivikuta majini kesho yake.

Safari ile nilipakata mizigo yangu yote ya dhambi. Mfuko magotini, kila kituo kirefu kuliko kingine. Mzee mmoja kwenye basi akaniuliza kama naenda likizo.

Nilipofika, Tausi alikuwa ameshaingizwa chumba cha upasuaji. Yaliyotokea nilisimuliwa na wenzangu, na nayasimulia kwa sababu hivyo ndivyo kazi inavyofanywa. Tausi alipotokea mlangoni kwa koti na kanga, Sista Kokila hakumuuliza jina wala daftari. Alimlaza, akamfunga mkanda wa mashine ya mapigo ya moyo, na huku mashine ikijiandaa akainama kusikiliza tumbo kwa fetoskopu yake ya mbao, ile tuliyokuwa tukiicheka kuwa ya makumbusho. Moyo ulikuwepo. Kisha mashine ikaonyesha ukishuka na kuchelewa kupanda. Alimwangalia daktari mara moja tu, wakaelewana, na kitanda kikaanza kusukumwa.

Juma akaja mbio akiwa bado amevaa kizibao chake cha ghalani kinachong'aa. Tulikaa kwenye benchi, mfuko katikati yetu.

Mlango ukafunguka, Sista Kokila akatoka, barakoa imeshuka kidevuni.

"Wa kike. Alitoka amenyamaza, wakamsaidia kupumua, akalia. Kisha akanikojolea." Akamshika Juma bega. "Nenda kaoshe mikono, baba."

Juma alipoingia nikasema, "Sista, angengoja mpaka saa tisa…"

"Hakungoja."

"Alikuwa anangoja mfuko niliouweka mimi."

"Mfuko ni wangu, Bibi Diploma. Usijipe sifa za makosa yangu pia." Akakaa pale alipokuwa Juma, akauvuta mfuko magotini pake.

Jioni Tausi aliamka vizuri. Mtoto alikuwa kifuani kwake, amefunikwa taulo la hospitali. Macho yake yakaenda moja kwa moja kwenye mfuko.

"Fungua wewe, Dada," akasema. "Ule wa kwanza si ulinifungia wewe?"

Nikapiga magoti, nikavuta zipu ya uzi mwekundu. Nikatoa vesti iliyofuliwa mpaka ikawa laini kama unga, sweta ya manjano yenye kifungo kisichofanana na vingine, kofia ya buluu. Kila kimoja nilimwonyesha kwanza, akiitikia kwa kichwa ndipo Juma akipokee. Juma alimvalisha bintiye bila kukosea hata kimoja, maana Sista Kokila alikuwa amesimama nyuma yake.

Siku ya kuruhusiwa nilikuwa zamu. Juma alikuja na kiti cha mtoto cha gari mkono mmoja, na mkono wa pili mfuko mweusi. Niliutambua kabla hajafika. Ulikuwa juu ya kabati lao muda wote ule. Tausi akaupokea, akafungua zipu kama anavyofungua mtu mlango wa chumba anachokijua, akatoa kitu cha juu kabisa. Kofia yangu nyeupe.

"Tausi," nikasema, "una hakika? Mama atasemaje?"

"Nimempigia asubuhi. Amesema mtoto yupo, sasa nguo zinaweza kumfuata." Akaivuta kofia juu ya masikio madogo. Ilimzidi kidogo. "Kofia haina kosa, Dada. Ilikosa mtu wa kwenda naye tu."

Jioni ile akanipigia simu ya video. Mtoto alikuwa amelala kwenye kochi lao la Edmonton, kofia imemshukia jicho moja. "Imefika," Tausi akasema, akakata.

Baada ya arobaini mfuko wa kijani ulirudi kwangu umefuliwa na kupangwa. Kofia nyeupe ilikuwa juu. Hicho ndicho kitu alichoongeza.

Sista Kokila alistaafu kabla yangu, akaniachia fetoskopu yake. Iko hapa mezani, chini ya diploma, na mgeni akiuliza naanza na hiyo. Mfuko sikuja nao Singida. Niliuacha kwenu, kwenye kabati la chumba cha chai, rafu ya chini. Mama atakayeuhitaji mpeni mapema, nao ukae kwake au kwa jirani wa ukuta mmoja, usikae Wembley. Na kila mmoja aambiwe kwa kinywa, siyo kwa karatasi: siku mtoto akinyamaza tumboni, toka na funguo tu.

Kofia isifuliwe kwa maji ya moto, itanywea, nami sifumi tena kwa macho haya. Na mama akiishika akauliza ni ya nani, mwambieni imeshafika nyumbani.